Kengele 12 kwa Siku: Kumgundua Mvamizi wa Mtandao Ukiwa na Timu ya Watu Wawili

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maofisa TEHAMA mliotoka SACCOS, hospitali, vyuo na halmashauri,

Asanteni kwa kunipa nafasi. Nitaanza na hesabu ndogo, kwa sababu yote nitakayoyasema yanatoka humo.

Ofisi nyingi zilizowakilishwa hapa zina mtu mmoja au wawili wa TEHAMA. Ndio haohao wanaobadilisha wino wa printa, wanaofungua akaunti za wafanyakazi wapya, wanaoitwa mbio projekta ikigoma dakika tano kabla ya kikao cha bodi. Ulinzi wa mtandao wanaufanya katikati ya hayo. Tuseme mkijibana mnapata saa tatu kwa siku za kukaa na kengele za usalama tu. Kengele moja ikichunguzwa inavyopaswa, yaani kufungua logi, zile kumbukumbu za matukio ambazo mashine hujiandikia, kumpigia simu mwenye akaunti na kuandika mlichokikuta, inakula dakika 15 hivi. Saa tatu ni dakika 180. Gawanya kwa 15, mnapata kengele 12. Hiyo ndiyo bajeti yenu ya siku, na haiongezeki kwa kununua programu nyingine.

Sasa angalieni upande wa pili. Kompyuta 60, seva nne na fayawoli moja zinaweza kuandika matukio milioni nne kwa siku. Wekeni kanuni nzuri ya kuliza kengele, inayokosea mara moja tu katika matukio 10,000. Mtapata kengele 400 za uongo kila siku. Mtaziangalia 12, na 388 zitalala. Wala hizo 12 hazitakuwa zile nzito, zitakuwa zile zilizotangulia kufika. Wiki ya tatu mmoja wenu ataunda folda kwenye barua pepe yake, ataelekeza kengele zote humo, na hapo mfumo umekufa huku taa zake zikiendelea kuwaka kijani.

Kwa hiyo kila kengele lazima igombee nafasi yake katika zile 12. Mtaniona leo nikikataa mambo ambayo wauzaji wa mifumo huyasifu sana, na sababu itakuwa hiyohiyo.

Nianze na barua pepe, na nitakaa hapo kwa muda, maana kwa ofisi za ukubwa wetu huko ndiko fedha zinakopotelea kimyakimya.

Wizi wenyewe huenda hivi. Mhasibu anapokea barua ya hadaa yenye kiungo cha ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia Microsoft 365. Anaandika nywila, anathibitisha kwa simu yake, na ukurasa ule, ambao umekaa katikati yake na Microsoft, unanyakua kikao, yaani ruhusa ya kuendelea kutumia akaunti bila kuulizwa nywila tena, kikiwa tayari kimethibitishwa. Uthibitisho wa hatua mbili haukuvunjwa, umezungukwa. Siku hiyo mvamizi haibi kitu. Anasoma. Anatafuta maneno kama "malipo", "ankara", "invoice". Anamjua msambazaji anayelipwa kila mwezi, na kiasi, na nani husaini. Kisha anafanya jambo ambalo mara nyingi ndilo humfichua: anaweka kanuni ndani ya kisanduku cha barua cha mhasibu, kwamba barua zote za msambazaji yule ziwekwe alama ya kusomwa na zihamishiwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu. Folda inayopendwa ni ile ya RSS Feeds. Jina la kanuni huwa nukta moja, au nukta mbili, ili isionekane kwenye orodha. Baada ya hapo anajifanya msambazaji na kuandika kwamba akaunti ya benki imebadilika. Msambazaji wa kweli anapouliza fedha zake ziko wapi, mhasibu haoni barua hiyo.

Basi kengele ya kwanza katika bajeti yenu ni kanuni mpya ya kisanduku cha barua inayohamisha, kufuta au kupeleka barua nje ya taasisi. Katika logi ya ukaguzi ya Microsoft 365 itafuteni kwa majina New-InboxRule na Set-InboxRule. Wengi huishia hapo wakasahau UpdateInboxRules, ambalo ndilo huandikwa kanuni ikiwekwa kupitia Outlook ya kwenye kompyuta. Wafanyakazi wa kawaida hawatengenezi kanuni za aina hii kila siku, kwa hiyo kengele hii haitawachosha, na kila inapolia inastahili simu.

Kengele ya pili ni kifaa kipya kusajiliwa kwa ajili ya uthibitisho wa hatua mbili. Hii ina historia. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya FireEye ya Marekani, yenye wataalamu wa kila aina, iligundua uvamizi uliokuja kujulikana kwa jina la SolarWinds kwa njia ya kawaida sana: akaunti ya mfanyakazi wao ilionekana imesajili simu ya pili. Wakampigia kumuuliza. Akasema si yake. Uzi ule ulipovutwa ukafika kwenye programu ya kampuni ya SolarWinds iliyochezewa, ambayo ilikuwa imesambazwa kwa wateja wapatao 18,000, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Kipimo kilichotumika hapo ni simu ya kumuuliza mtu, na simu kila mmoja wenu anayo.

Ya tatu ningeweza kusema ni mfanyakazi kuiruhusu programu ya nje kusoma barua zake. Lakini hiyo msiiwekee kengele. Zimeni uwezo huo kwenye mipangilio, kila ombi lije kwa msimamizi. Tatizo mnaloweza kulifunga kwa kubofya mara moja lisile nafasi katika zile 12.

Kengele ya barua pepe ikilia na simu ikathibitisha kwamba si mwenyewe, mpangilio wa hatua ni jambo la kuzingatia, na hapa ndipo timu nyingi huteleza. Kwanza pigeni picha ya kanuni ile kabla ya kuifuta. Pili katisheni vikao vyote vilivyo wazi vya akaunti hiyo. Tatu badilisheni nywila. Nne ondoeni vifaa vya uthibitisho ambavyo mwenyewe havitambui. Tano angalieni programu zilizopewa ruhusa. Mkibadilisha nywila mkaishia hapo, mvamizi mwenye kikao kilicho wazi anaweza kuendelea kusoma, na kama simu yake imebaki kwenye orodha, ataitumia kujirejeshea akaunti wakati ninyi mmeenda kula chakula cha mchana. Na mpigieni mhasibu kwa simu. Mkimwandikia barua pepe kumtaarifu kwamba barua pepe yake imeibwa, msomaji wa kwanza atakuwa mwizi.

Jambo la muda wa logi. Katika Microsoft Entra, mfumo unaosimamia akaunti za Microsoft 365, logi za watu kuingia hukaa siku 7 kwa leseni ya bure na siku 30 kwa leseni ya kulipia ya P1. Logi ya jumla ya ukaguzi hukaa siku 180. Google Workspace huweka logi za kuingia miezi sita. Wizi wa ankara unaweza kugundulika baada ya wiki sita, msambazaji anapokuja na mwanasheria. Kama mko kwenye leseni ya siku 7, wekeni skripti inayovuta logi hizo kila usiku na kuziweka kwenye diski yenu. Ni maandishi tu, hayali nafasi.

Halafu ile kengele maarufu ya "safari isiyowezekana", yaani mtu ameingia kutoka Dodoma na baada ya dakika kumi kutoka Frankfurt. Wauzaji huiweka mbele kwenye maonyesho. Kwetu inapiga kelele sana: anwani za mitandao ya simu husajiliwa mahali kusikohusiana na mtumiaji alipo, intaneti ya setilaiti inaweza kuchomoza ardhini katika nchi nyingine, na wafanyakazi wanatumia VPN za bure, zinazoficha mahali walipo, kwenye simu zao. Iacheni kama habari ya nyongeza mnapochunguza kengele nyingine. Isipewe uwezo wa kulia peke yake.

Sasa seva na kompyuta za Windows.

Kabla ya kengele yoyote, kuna mipangilio miwili inayoua ugunduzi kabla haujaanza. Ukubwa wa logi ya Security kwenye kompyuta ya kawaida ni megabaiti 20. Mashine yenye shughuli inaijaza kwa muda mfupi na kuanza kufuta ya zamani. Ipandisheni hadi gigabaiti moja kupitia Group Policy, yaani mipangilio inayotumwa kwa mashine zote kwa pamoja. La pili, tukio namba 4688 la programu kuanza, hata likiwashwa, haliandiki amri yote iliyopigwa; linaandika jina la programu tu. Ni lazima kuwasha sera mbili tofauti: ile ya kukagua kuanza kwa programu, na ile ya kujumuisha amri nzima ndani ya tukio. Watu huwasha ya kwanza, wakaona matukio yanaingia, wakaridhika. Siku ya siku wanakuta cmd.exe, programu ya Windows ya kupokea amri, imeendeshwa na hawajui iliambiwa nini. Ila kumbukeni kwamba nywila zilizopigwa ndani ya amri nazo zitaingia kwenye logi, kwa hiyo punguzeni wanaoweza kuisoma.

Mkishafanya hayo, kengele za Windows ni chache. Tukio 1102, logi ya usalama imefutwa: katika ofisi iliyotulia halina sababu ya kutokea, isipokuwa mmoja wenu amelifanya na amesema. Tukio 7045 kwenye logi ya System, huduma mpya imesakinishwa: hapo ndipo zana kama PsExec, za kuendesha amri kwenye mashine nyingine, zinapoonekana mvamizi anaporuka kutoka mashine moja kwenda nyingine, na huduma yake huitwa PSEXESVC, au jina la herufi zisizo na maana kama ametumia zana nyingine. Tukio 4728 au 4732, mtu ameongezwa kwenye kundi lenye madaraka. Mchuje kwa makundi ya wasimamizi tu. Tukio 4698, kazi iliyopangiwa muda imeundwa, kwenye seva pekee. Kwenye kompyuta za watumiaji programu za kawaida huunda kazi kama hizo kila zinapojisasisha, na kengele hiyo itawameza.

Tukio 4625, kushindwa kuingia, ndilo linaloongoza kwa kupoteza muda wa watu. Kengele inayolia mtu akikosea nywila mara tano itaishia kwenye simu yenye nywila ya zamani, au kazi ya usiku ambayo mliisahau mlipobadilisha nywila ya akaunti yake. Hesabuni kwa namna nyingine: anwani moja ikishindwa kwenye akaunti kumi tofauti ndani ya dakika kumi. Huo ni mtindo wa kujaribu nywila moja kwa watu wengi ili akaunti zisijifunge. Ndani ya tukio kuna namba ndogo ya sababu: 0xC000006A ni jina sahihi na nywila mbovu, 0xC0000064 ni jina lisilokuwepo. Zikija nyingi za pili, anayejaribu hajui majina yenu. Zikija nyingi za kwanza, ana orodha ya wafanyakazi wenu mkononi. Na anwani hiyohiyo ikifuatiwa na 4624, kufanikiwa kuingia, acheni chai mnyanyuke.

Kwa programu za kudai fidia, zile zinazofunga mafaili yenu hadi mlipe, msisubiri mafaili yabadilike majina. Kabla ya kuyafunga, mvamizi kwa kawaida hufuta njia za kujirejesha. Mtafute maneno "vssadmin" na "delete shadows" katika amri moja, "wbadmin delete catalog", na "bcdedit" pamoja na "recoveryenabled no". Kipindi kati ya amri hizo na mafaili kufungwa kinaweza kuwa dakika chache tu, kwa hiyo hii ni kengele ya kuamsha mtu usiku na ya kuchomoa waya wa mtandao kwanza, maswali baadaye. Msizime mashine kama mnaweza kuikata tu mtandaoni. Kilichomo kwenye RAM kinaweza kuwa ushahidi pekee.

Zana za kuingia mashine kwa mbali nazo zinahitaji uamuzi wa kiutawala kabla ya kengele. Ofisi ikiwa na AnyDesk, TeamViewer na nyingine mbili, kila fundi na yake, hakuna kanuni itakayowasaidia. Chagueni moja. Nyingine yoyote ikionekana, kengele. Mgogoro utatokea kwa wakala anayewahudumia mfumo wa fedha, atasema yeye amezoea yake. Msikubali.

Kuna aina ya kengele ambayo hulia kwa kukosekana kwa kitu, nayo ni muhimu kiasi kwamba nitatoa kisa kamili cha Benki Kuu ya Bangladesh.

Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016 wavamizi walituma maagizo 35 kupitia SWIFT, mfumo wa benki kutumiana maagizo ya malipo, kwenda Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, wakiomba jumla ya dola milioni 951 hivi. Dola milioni 81 zilifika Manila na kuingia kwenye michezo ya kamari. Nyingine milioni 20 zilielekezwa Sri Lanka, zikakwama kwa sababu katika jina la mpokeaji waliandika "fandation" badala ya "foundation". Hilo husimuliwa sana. Linalotuhusu sisi ni printa. Kwenye chumba cha malipo kulikuwa na printa iliyotoa nakala ya kila muamala wa SWIFT. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 5 ilikuwa haitoi kitu, kwa sababu programu ya wavamizi ilikuwa imeichezea. Wafanyakazi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh. Jumapili ni mapumziko New York. Jumatatu tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila. Kalenda za miji mitatu zilikuwa zimepangwa dhidi yao.

Printa iliyonyamaza ilikuwa kengele, ila hakuna aliyekuwa ameamua kabla kwamba ukimya ni kengele. Ninyi amueni sasa. Kila chanzo cha logi kiwe na muda wake wa juu wa kunyamaza: seva ya akaunti dakika 30, fayawoli dakika 10, kompyuta za wafanyakazi siku mbili za kazi. Hapa kwetu umeme hukatika, na kengele ya ukimya isiyojua hilo itawachosha kuliko zote. Kwa hiyo iunganisheni na ping, ile hodi ya kuuliza kama mashine iko hai. Tawi zima likitoweka pamoja na ruta yake, ulizeni umeme. Mashine ikiitikia ping lakini logi zake haziji, mtu amezima ajenti, yaani programu inayotuma logi, au diski imejaa. Yote mawili mnataka kuyajua leo.

Na kalenda. Idd, Pasaka, Nane Nane, wiki ya mwisho ya Desemba: mvamizi anazijua. Katika kengele zenu chagueni tatu au nne tu za kupiga simu usiku na sikukuu: kufutwa kwa logi, kufutwa kwa njia za kujirejesha, mtu kuongezwa kwenye kundi la wasimamizi wakuu, na mtego kuguswa. Nyingine zisubiri asubuhi. Mtu mmoja awe na zamu, na ajue kwamba ana ruhusa ya maandishi ya mkuu wa taasisi kukata seva mtandaoni bila kumuuliza mtu. Bila karatasi hiyo, saa nane za usiku atatafuta idhini kwa watu ambao simu zao zimezimwa.

Nimetaja mtego. Kwa timu ndogo mimi ningeuweka juu ya kila kitu kinachouzwa kwa fedha nyingi. Katika Active Directory, orodha kuu ya akaunti za mtandao wenu wa Windows, tengenezeni akaunti yenye jina linalofuata mtindo wenu halisi. Kama za kwenu zinaitwa svc_fedha na svc_mishahara, hii iiteni svc_bakapu2. Ipeni nywila ya herufi 30 ambayo hakuna anayeijua, na msiitumie popote. Jaribio lolote la kuingia kwa jina hilo ni kengele. Mkiisajilia jina la huduma, yaani SPN, itanasa pia mvamizi anayeomba tiketi za Kerberos, utaratibu wa Windows wa kuthibitisha watumiaji, ili akazivunje kwake nyumbani: tukio 4769 likiitaja akaunti ile halina maelezo ya heri. Hakikisheni ukaguzi wa tiketi za huduma umewashwa kwenye seva ya domeni, ile inayosimamia akaunti zote, la sivyo 4769 haliandikwi. Huduma ya Canarytokens ya kampuni ya Thinkst nayo inatoa bure mafaili ya Word na Excel yanayotuma taarifa yakifunguliwa. Moja liwekwe kwenye folda ya pamoja kwa jina la kuvutia, kama "Nywila za benki mtandao".

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Kama mtego wenu ni folda inayokaguliwa kila ikiguswa, programu ya bakapu, kipekuzi cha antivirusi na kile cha kutafuta mafaili vitaingia usiku wa kwanza, mtapata kengele 40, na mtashawishika kuuondoa. Vitoeni hivyo vitatu kwenye kengele, kwa akaunti na mashine zake kamili, mngoje siku saba, ndipo mwanze kuuamini. Watu wawili tu wajue ulipo.

Hilo la kutoa visamaha lina hatari yake popote linapofanyika. Kanuni ikilia kwa uongo, dawa ya haraka ni kusamehe folda nzima au anwani zote za tawi. Mvamizi akitua humo ana kinga mliyomwandikia wenyewe. Kisamaha kiwe na vitu vitatu kwa pamoja: programu kwa njia yake kamili, akaunti, na mashine. Kiwe pia na tarehe ya kuisha, miezi mitatu inatosha.

Dogo lakini linaharibu chunguzi nyingi: saa. Huduma nyingi za wingu huandika logi kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Tukio lililoandikwa 23:00 tarehe 14 kwetu ni saa nane usiku, tarehe 15. Ongezeni juu yake namna tunavyotaja saa. Mlinzi akikupigia kusema kompyuta ya mapokezi ilijiwasha "saa nane", na wewe ukatafuta 08:00 kwenye logi, hutakuta kitu na utamwona mlinzi mwongo. Kwenye ripoti andikeni saa kwa mtindo wa 24, pamoja na EAT (saa za Afrika Mashariki) au UTC, kila mara. Na mashine zote zisome saa kutoka chanzo kimoja cha NTP, huduma ya kulinganisha saa. Seva iliyochelewa dakika saba itawafanya mwone matokeo yakitangulia sababu.

Kisha majaribio. Kengele ambayo haijalizwa kwa makusudi ndani ya mwezi ihesabiwe kuwa haipo. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, lizeni zote: ongezeni akaunti ya jaribio kwenye kundi la wasimamizi kisha muitoe, futeni logi kwenye mashine ya majaribio, wekeni kanuni ya barua kwenye kisanduku chenu wenyewe, zimeni ajenti mmoja. Ile ya vssadmin msiiendeshe kwenye seva ya kazi hata kwa utani. Kama kanuni yenu inatafuta maneno ndani ya amri, inatosha kuendesha cmd /c echo vssadmin delete shadows: maneno yanaingia kwenye logi, hakuna kinachofutwa. Kama inaangalia jina la programu yenyewe, tumieni mashine pepe isiyo na kitu.

Pimeni dakika kutoka tendo hadi simu kulia. Zikizidi kumi, tafuteni zinakokwama. Kwa wanaotumia Windows Event Forwarding, njia ya Windows ya kukusanya logi kwenye seva moja, jibu mara nyingi ni moja: hali ya kawaida ya usajili hungoja hadi dakika 15 kabla ya kutuma, na ile ya kubana mtandao inaweza kungoja saa sita. Iliyokusudiwa kupunguza ucheleweshaji hutuma kila sekunde 30. Kwa matukio machache mliyochagua, hiyo haitalemea hata kiungo cha tawi la mbali.

Upande wa sheria nitapita haraka. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue taarifa binafsi zimevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, na TZ-CERT, timu ya taifa ya kukabili matukio ya mtandao iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa msaada wa kiufundi. Saa 72 ni chache kama hamkuandika tangu dakika ya kwanza nani aliona nini na saa ngapi. Daftari la kawaida linafaa. Hata mvamizi aliyeshika mtandao mzima hawezi kulifuta.

Nimeona karatasi za maswali zinapita, na nyingi ni za gharama. Wazuh, mfumo wa kukusanya logi na kuliza kengele, ni bure na chanzo chake kiko wazi. Kwa ajenti wasiozidi 100, mwongozo wao unataka kompyuta yenye vichakataji pepe 8, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 200 kwa kengele za siku 90. Mjue tu kwamba kwa mipangilio ya mwanzo huhifadhi kengele, si kila tukio. Logi ghafi lazima uziwashe mwenyewe. Milioni nne kwa siku, kila tukio kilobaiti moja, ni gigabaiti 4 kwa siku na 360 kwa siku 90, ingawa maandishi ya namna hii yakibanwa hushuka hadi karibu sehemu ya kumi. Seva hiyo isiunganishwe kwenye domeni, na nywila yake isifanane na yoyote ya humo. Mvamizi akishika akaunti ya msimamizi wa domeni, kila kilichomo ni chake, ikiwemo logi inayomtaja.

Hata hivyo seva hiyo isiwe ununuzi wenu wa kwanza. Kwa utaratibu ninaoupendekeza, Jumatatu mnapandisha ukubwa wa logi na kuwasha uandishi wa amri nzima, kwa sababu kisichoandikwa leo hakitapatikana kesho hata mkija na wataalamu. Jumanne, kengele ya kanuni za barua. Jumatano, akaunti ya mtego, na taarifa yake mnaweza kuipata kwa kazi ya Windows iliyofungwa kwenye tukio husika, pamoja na skripti fupi ya kutuma ujumbe. Alhamisi, barua ya ruhusa ya kukata mtandao ipelekwe kwa mkuu. Mpaka hapo hamjatumia shilingi. Ijumaa kaeni mpange nani ana zamu wikiendi hiyo. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.